Mluzi wa Mpishi

Kutoka jikoni hadi nyumba kubwa ni hatua arobaini, na mpishi wetu huzipita zote akipiga mluzi. Ndiyo amri ya bwana hapa Virginia: mtumwa anayepiga mluzi hawezi kutafuna nyama njiani. Vidole vyake vimeungua hadi vimekuwa vigumu kama kwato, hashiki kitambaa hata sinia liwe la moto. Wimbo wake ni ule ule wa kanisani, wa polepole, na haukatiki hata mvua inyeshe. Jumanne mchana wasaka watoro walifika na mbwa kumtafuta Isham, mwenzetu aliyetoroka, wakakaribishwa mezani. Nilikuwa uani nafua. Mpishi akapita na sinia begani, mluzi juu, na mkono wa kushoto ukadondosha vipande vitatu vya nguruwe kwenye kapu langu la nguo. Hakugeuza shingo.

“Shangazi, wako dirishani!” nikanong’ona.

Mluzi haukuyumba. Aliporudi na sinia tupu ndipo akanijibu, akiinama kana kwamba anaokota kuni.

“Wao wanalinda mdomo tu, mwanangu. Haya, nenda kasuuze mtoni, Isham asije akala nyama baridi.”