Dhamana ya Shangazi

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa. Hata cherehani yake aliiendesha nusu amesimama, mguu mmoja kwenye pedeli, jicho moja dirishani, na nguo ikifika kwenye pindo alikuwa amekwisha kutoka na kurudi mara kadhaa kuangalia kama maji yamechemka, kama mlango umefungwa, kama jirani na mumewe wamepatana. Ndiyo maana siku za mahakama zilimchosha kuliko kazi yoyote. Mahakama ni kukaa. Unakaa kwenye benchi la nje, unakaa kwenye benchi la ndani, unasimama hakimu akiingia, unakaa tena, na shughuli yenyewe ikifika inakwisha hata hujamaliza kukohoa.

Kesi haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, dereva wa lori, aliyeshtakiwa kwamba mifuko ya saruji ya mteja ilipungua njiani akiwa yeye kwenye usukani. Mwenyewe alisema ilipungua kabla hajawasha gari. Nani mkweli, hilo la hakimu, na hakimu alikuwa bado hajafika huko. Kwa miezi kesi ilikuwa inatajwa tu, ndivyo wanavyosema wenyewe: inaitwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, inapangiwa siku nyingine, watu wanaondoka wakipiga miayo.

Muda wote huo kijana alikuwa nje kwa sababu shangazi alimdhamini. Alipeleka hati ya nyumba yake, akatia sahihi, na karani akamsomea masharti polepole kama anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Mshtakiwa aje kila siku ya kesi. Asitoke nje ya wilaya bila ruhusa ya mahakama. Akipotea, mdhamini ndiye atakayeulizwa, na nyumba inaweza kwenda.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, baba. Akipotea yeye, nimepotea mimi."

Sasa asubuhi hii dereva hakuonekana. Shangazi alikwenda getini, akarudi. Akachungulia ndani, akarudi getini. Askari wa mlangoni akamwambia, "Mama, utatoboa sakafu ya serikali." Hakucheka. Simu ya kijana ilikuwa haipatikani tangu jana jioni.

Pale kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja wa koti la kijivu ambaye wote walimwita Bwana Kifungu. Zamani aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba bila wakili, na tangu hapo utamu ule ukamkaa kichwani, akawa anashinda mahakamani kutoa ushauri kwa yeyote, aliyeuliza na asiyeuliza.

"Kaa chini, dada yangu. Hajaitwa bado."

"Nikikaa moyo unanitoka."

Simu ikalia. Upande wa pili palikuwa na muungurumo wa gari na sauti ya kijana ikikatikakatika.

"Shangazi, niko njiani! Jana tajiri wangu alinituma mpakani, lori likazama kwenye tope. Nimeliacha hukohuko, nimepanda basi."

"Mpakani! Si umeambiwa usitoke wilayani?"

"Mara moja tu, shangazi."

"Hiyo mara moja ndiyo itakayonitoa kwangu! Njoo mbio, unanisikia? Hata kwa magoti, njoo!"

Simu ikakatika. Alipogeuka, Bwana Kifungu alikuwa amekwisha kusikia yote, maana sikio lake halikuwa na likizo.

"Ukisema kweli, umevunja sharti kwa mdomo wako mwenyewe," akamnong'oneza. "Sema anaumwa. Ugonjwa hauna mpinzani."

Karani akatoka mlangoni, akaita jina la dereva. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, akivuta sauti mpaka mwisho wa varanda. Shangazi akaingia peke yake, na miguu yake, iliyozoea kwenda yenyewe, siku hiyo aliiburuta.

"Mshtakiwa yuko wapi?" hakimu akauliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini hata watu walilazimika kutulia ili wamsikie.

"Anaumwa, mheshimiwa. Tumbo. Hata maji hayapiti."

"Umemwona lini?"

"Leo asubuhi. Nimemwacha kitandani."

Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka hakuwa na pingamizi. Kesi ikapangiwa siku nyingine, mdhamini akaambiwa siku hiyo aje na cheti cha hospitali. Shangazi akarudi kwenye benchi, akakaa.

Mlango ukafunguka. Dereva huyo, tope hadi magotini, jasho linamtiririka.

"Nipo, mheshimiwa! Nisameheni, nimekimbia kutoka stendi. Toka mpakani sijafumba jicho!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akangoja kiishe chenyewe.

"Tumbo limepona haraka."

"Tumbo gani, mheshimiwa?"

Shangazi alisimama bila kuambiwa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikashika ukingo wa benchi.

"Mama," hakimu akasema, "mimi nikikaa hapa sioni zaidi ya mlango ule. Mdhamini ndiye macho yangu huko nje. Macho yakiniambia mtu yuko kitandani, kumbe yuko mpakani, nifanyeje?"

"Niliogopa, mheshimiwa."

"Najua. Na kwa kuogopa huko ungeweza kulala ndani leo. Usirudie."

Akamwondoa kwenye udhamini. Hati yake arudishiwe. Mshtakiwa arudi mahabusu mpaka apatikane mdhamini mwingine wa kuaminika.

Kwa hiyo nyumba ilipona. Karani alimkabidhi hati yake, naye akaipokea kama mtu aliyepewa nguo za marehemu. Dereva alipopitishwa na askari kwenye varanda, alimgeukia.

"Shangazi, kwani ulisema naumwa?"

"Na wewe kwa nini ulikuja mbio?"

"Si wewe uliyesema nije mbio!"

Hapo shangazi akataka kucheka, machozi yakamtangulia.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji, akakuta miguu ya tajiri imechomoza chini ya lori bovu.

"Toka huko chini. Kijana wako yuko ndani."

Tajiri akajivuta nje, uso mzima grisi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kujikuna kidevu.

"Nimdhamini mimi? Na akitoroka, mama?"

"Ulipompa lori zima aende nalo mpakani, uliuliza akitoroka?"

Tajiri akatazama spana mkononi. "Basi ninawe kwanza."

"Utanawa hukohuko!"

Wakafika mahakamani hakimu amekwisha kuondoka. Karani akasema hati za tajiri zitakaguliwa kesho asubuhi, leo hakuna namna. Gari la magereza lilikuwa limewashwa uani, na shangazi akalizunguka akitafuta dirisha lenye uso anaoujua, hakuupata, akaita tu kwa sauti: "Kesho, mwanangu! Kesho!"

Gari likatoka. Tajiri akaaga.

"Asubuhi nitakupitia," shangazi akamwambia.

"Mama, njia naijua."

"Nitakupitia."

Shangazi akaondoka haraka, kisha akasimama, akarudi kumuuliza tajiri mlango wa kwake ni upi.