Ng'wa Nani pale Mashineni

Harufu ya dizeli ikichanganyika na unga wa mtama hunirudisha Tinde, kwenye mashine ya Mgiriki tuliyemwita Bwana Yani. Leo ninazo mashine zangu tatu na malori mawili, na sikurithi hata msumari. Lakini enzi zile nilikuwa mtoto kutoka Masumbwe aliyeachwa Tinde kwa rafiki wa baba, baba akaenda Geita kuchimba dhahabu. Alisema angerudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Huku kwa Wasukuma mtoto akimwamkia mzee huulizwa, "Ng'wa nani?", yaani mtoto wa nani, naye hutaja baba na ukoo. Nami nilitaja, lakini hakuna aliyemjua baba yangu Kasanda. Wazee waliitikia "haya" wakaendelea na safari, nami nikaanza kuogopa kwamba baba akikawia zaidi, hata mimi nitamsahau.

Siku moja, nikisubiri zamu ya kusaga, nilikuwa nikisoma kitabu cha Kiingereza kwa kugugumiza. Mwalimu alikuwa amenichapa kwa sababu nilisoma "photo" herufi kwa herufi, kama Kiswahili, na "school" nikaitia "ch" ya chai. Bwana Yani akachungulia, akacheka. Akanieleza kwamba maneno yale ni ya kwao Ugiriki. Mwingereza aliyachukua akayaachia mavazi ya nyumbani. Ndiyo maana "ph" hutamkwa "f", na "ch" ile hutamkwa "k". Ukiyaona mavazi hayo, alisema, umeujua ukoo.

Mambo ya ukoo yalikuwa yamenijaa kichwani. Nikamuuliza, "Na wewe, ng'wa nani?"

Foleni nzima ya akina mama ikageuka. Mtoto haulizi; huulizwa. Mama mmoja akasema, "Wee, umekuwa babu lini? Subiri sasa, usagwe pamoja na mtama."

Bwana Yani akazima mashine.

"Ng'wa Nikola," akasema taratibu. "Fundi viatu. Nikola wa Stavro. Mama zangu, miaka yote hii mnaniuliza bei tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

Nikamtajia Kasanda, na baba wa Kasanda. Akayarudia majina yote mawili, kwa lafudhi yake ya ajabu, mpaka akayapata sawasawa. Tangu hapo kila nilipopeleka mtama aliniita ng'wa Kasanda, na akina mama wakamfuata.

Baba hakurudi. Bwana Yani naye aliuza mashine akaondoka, na shule yangu ikakomea darasa la nne. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema, nami sikuacha kitu, nilijenga. Mwanangu wa kwanza yuko Dar es Salaam, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba, wala hakuna "ph" ya kumtisha. Juzi alikuja kunisalimu. Katika mazungumzo nikamtaja babu yake kwa jina. Akaniangalia kwa adabu, akaniomba nilirudie, kama jina analolisikia kwa mara ya kwanza.