Turubai la Kuwavutia Wachongaji

Naomba mnicheke taratibu. Mie ndiye afisa utumishi wa karakana ya vinyago huku Mtoni, na bosi aliniagiza niwavute wachongaji hodari, waje waone tunavyothaminiana kama ndugu.

Basi Jumamosi nikafunga turubai, nikapanga viti vya plastiki, na getini nikasimamisha picha kubwa ya Mashaka, mchongaji wetu bora, imezungukwa na maua. Wafanyakazi wote nikawavalisha fulana zenye sura yake. Mashaka mwenyewe nilikuwa nimemtuma akalete soda.

Wageni wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Walivua kofia, wakakaa kimya, macho chini. Nikajisemea, watu wana nidhamu hawa! Mchongaji niliyemtaka kuliko wote, mama mmoja wa Chanika, akanishika mkono na hakuuachia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Aliumwa muda mrefu?" akaninong'oneza.

Kabla sijajibu, akapiga yowe. Wote wakageukia getini. Mashaka alikuwa amesimama kando ya picha yake, kreti la soda begani, anatazama turubai, maua, fulana zetu.

"Sista," akaniuliza polepole, "kwani nimekufa lini?"