Maandishi ya Mama Mkwe Yanaingia Kwenye Kompyuta Yangu, Nami Nimeapa Hakuna Anayeyaona

Admin, nifichie jina, maana huku kwetu watu wanajuana.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minane, mkaazi wa Likoni. Nina kiduka cha kompyuta: naprinti, nawajazia watu fomu za serikali, natengeneza simu. Nimechumbia msichana, nimwite Zaina ingawa si jina lake, na nikaha yetu imebakia wiki tatu. Najua mtanitukana. Someni kwanza hadi mwisho, kisha mtukane.

Siku tulipopeleka posa nilimzawadia mamake Zaina simu mpya. Mama huyu ni mjane, amesomesha watoto wa chekechea miaka mingi, na ni mtu wa kuandika kila kitu. Jikoni kwake ukuta mzima ni vikaratasi. Nikamwambia, "Mama, sasa utakuwa unaandika humu." Hakuwa na imeli, basi nikamfungulia hapa dukani na neno la siri nikaweka mwenyewe, kama tunavyowafanyia wazee wote wanaotuletea simu zao. Akaniuliza, "Na simu ikipotea, mwanangu?" Nikajigamba kwamba maandishi hayapotei, yanajihifadhi yenyewe. Nilichosahau ni kuifunga akaunti yake kwenye kompyuta yangu. Kila alichoandika akiwa kwake, kikaja kujipanga mbele ya macho yangu.

Mwanzo nilikuwa nacheka tu. Mchele wa pilau. Masufuria ya kuazima kwa jirani. Hina ya Zaina, asinunue ya paketi. Siku moja aliandika, "Mkwe amekonda, kumpelekea muhogo wa nazi," na jioni muhogo ukafika kweli, nami nikajitia kushangaa. Ningeifunga akaunti siku ile, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini nilinogewa, sitadanganya.

Halafu asubuhi moja, chini ya majina ya wapishi, nikasoma hivi: "Uvimbe titi la kushoto. Daktari amesema nirudi upesi, nisikae. Nitarudi baada ya harusi. Zaina asijue." Kulikuwa na mteja anasubiri karatasi zake, nikamprintia za mtu mwingine.

Woga ukanifanya nifanye ujinga ambao mtu wa kazi yangu hafai kuufanya. Nikaona dawa ni kuyaondoa yale maandishi kwenye kompyuta ili nisiyaone tena. Nikayachagua yote, nikafuta. Yakafutika na kwenye simu yake. Haikupita saa moja, mama huyo mlangoni, buibui limekaa upande, anatweta.

"Mwanangu, orodha yangu yote imekwenda. Uliniambia haipotei."

Nikaichukua simu, nikajifanya naitafuta humo, kumbe mkono mwingine nayarudisha kutoka kwenye kompyuta. Yaliporudi alishusha pumzi, akaketi. Akanitazama sana, kisha akaniuliza polepole, "Haya maandishi, hakuna mtu mwingine anayeweza kuyaona?"

"Hakuna, mama."

"Niapie."

"Wallahi hakuna."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua, nami nimeinama pale nikijiona mwizi.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikafikiri, kama anangoja harusi, basi harusi iwe mapema. Nikamtuma ami yangu aende akaombe tarehe ya karibu zaidi. Balaa nililianzisha mwenyewe. Mtaani wakaanza kuulizana kijana ana haraka gani, na shangazi zake Zaina wakaanza kumtazama tumbo. Zaina alinipigia simu akilia. "Umenivunjia heshima. Kuna nini unachonificha?" Mamake akamjibu ami kwa upole kwamba matayarisho bado, tustahamili. Jioni ile nikaona amebadilisha mstari wake. Pale penye "baada ya harusi" akaandika, "Baada ya fungate, Zaina atulie kwake kwanza." Yaani mimi niliyetaka afike hospitali mapema ndiye niliyemchelewesha zaidi.

Mtaniambia nifunge akaunti niendelee na maisha. Niliifunga. Nilikaa siku mbili, silali, sili, najiuliza kama amekwenda au hakwenda. Nikaifungua tena, kwa sababu katika dunia nzima, ukimtoa daktari, ni mimi peke yangu ninayejua.

Nikimwambia Zaina, atauliza nimejuaje, na ugonjwa huo ndio siri ambayo mamake ameificha ili bintiye aolewe kwa furaha. Nikimwambia mama mwenyewe, namvua nguo mbele ya mkwewe wa kiume, na huku kwetu mambo ya mwili wa mama mkwe hata kuyataja ni haya. Tena nimeapa kwa jina la Mungu. Nikinyamaza, kila siku ninapofungua duka na kuitazama ile orodha najua ule uvimbe haungoji hina wala pilau.

Leo asubuhi nimefungua. Mchele upo, masufuria yapo, viti vipo, jina la mpishi lipo. Mstari wa hospitali haupo. Nimeutafuta hata kwenye vilivyofutwa, nikaukuta humo. Safari hii si mimi niliyeufuta. Mama ameamua haendi kabisa.

Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama mlio na wakwe wa kiume, mimi nasubiri hapa dukani na simu yangu iko mkononi. Nimwendee leo nimwambie nimeona, hata kama nitamkosa Zaina? Nipeni neno, nifanyeje?