Mkaguzi wa Mizani Anunua Gari

Neville Haworth, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Bacup, kaskazini mwa Uingereza, ana desturi iliyonichosha kwa miaka ishirini na miwili: hanunui kitu kikubwa bila shahidi. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa mizani na vipimo. Aliingia maduka ya watu na mawe yake ya kupimia mkobani, akakagua mizani za wauza nyama, pampu za petroli, hata bilauri za bia kwenye baa. Alipostaafu mkoba aliurudisha ofisini, lakini macho alibaki nayo. Akinunua viazi anavipima upya nyumbani. Mkewe Lorraine aliwahi kuniambia, "Thelma, huyu mwanamume hata mimi alinipima kabla ya kunioa, sema tu hakuniambia nilitoka kilo ngapi."

Mke hafai kuwa shahidi, ndivyo anavyodai Neville, kwa kuwa atasema anachotaka mumewe. Anayemjua Lorraine atacheka. Lakini ndiyo hivyo, shahidi ni mimi. Nimeshuhudia jokofu, nimeshuhudia zulia, nimeshuhudia meno yake ya bandia. Mambo yakiisha anafungua daftari jeusi lenye kurasa zilizopigwa namba, anaandika kilichosemwa na nani, nami natia sahihi chini. Ujira wangu ni chai.

Mwezi wa tano mwaka 2022 alinunua gari jipya, akiwa na miaka sitini na sita; yote ya nyuma yalikuwa mitumba. La zamani lilikuwa limeshindwa kuvuta karavani yao mlimani. Kila kiangazi wanaikokota nyumba hiyo ya magurudumu hadi Wales, wanakaa mbele yake kwenye viti vya kukunja, mvua inawanyeshea, wanakunywa chai, wanasema wamepumzika. Siwacheki. Nimekwenda nao mara mbili na nilipumzika kweli.

Basi tukaenda Burnley, kwenye duka la magari, sisi watatu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchangamfu, kifuani ana kibandiko cha jina: Gaynor. Alituletea biskuti nzuri, mimi nikakaa karibu nazo.

Lorraine alitaka paa la kioo. Alitaka kuona mawingu, ingawa sijui mawingu gani ya Lancashire hajayaona.

"Mama, hilo paa zuri, sikatai," Gaynor akasema. "Ila ni zito. Gari likiongezeka uzito, moshi wake unaongezeka kwenye vipimo, na kodi ya barabara ya mwaka wa kwanza inaweza kupanda. Magurudumu makubwa vilevile. Ningekuwa mimi ningeviacha vyote viwili."

Neville akanikanyaga mguu chini ya meza. Hiyo ndiyo ishara yake ya kusema: sikiliza vizuri, hapa pana jambo.

"Na chuma cha kuvutia karavani?" akauliza.

"Hicho mnakihitaji. Lakini msikiagize kiwandani. Chukueni gari lilivyo, tulisajili, lipate namba, halafu wiki inayofuata mlilete gereji yetu hapa nyuma tukifunge. Bei ileile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu gari hili bei yake ya orodha ni thelathini na tisa elfu mia mbili hamsini. Likisajiliwa likiwa limezidi elfu arobaini, kuanzia mwaka wa pili utalipa kodi ya ziada, kila mwaka, miaka mitano. Chuma ni pauni mia tisa na kumi na tano. Kikifungwa kiwandani kinaingia kwenye bei, umevuka. Kikifungwa baada ya kusajiliwa, hakihesabiwi."

"Hiyo ni halali?"

"Halali kabisa, Bwana Haworth."

"Lakini si umeshanipunguzia elfu mbili? Hata na chuma nalipa thelathini na nane na kitu. Hiyo arobaini unaitoa wapi?"

"Serikali haitazami unacholipa wewe. Inatazama bei iliyochapishwa, pamoja na kila nyongeza iliyokuja na gari. Punguzo ni langu mimi na wewe, wao haliwahusu." Akacheka kidogo. "Ni kama nyama kupimwa pamoja na karatasi yake. Hilo si unalijua kuliko sisi wote hapa?"

Neville akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia mimi nalijua?"

"Baba yangu ni Stanley Pilling."

Biskuti ikanikwama kooni. Bacup nzima inaijua habari ile. Stanley Pilling alikuwa na bucha pale sokoni, na Neville alimpeleka mahakamani kwa kupima soseji pamoja na karatasi. Alitozwa faini, akaandikwa gazetini, wateja wakahama, na baada ya miaka miwili bucha ikafungwa. Stanley akamalizia maisha ya kazi kwenye lori. Mimi nilikuwa mteja wake. Nyama ilikuwa nzuri, na karatasi, niseme ukweli, ilikuwa nene.

Gaynor hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa. Lakini Neville alisimama, akasema tunahitaji hewa, akatutoa nje hadi kwenye maegesho.

"Mmeona?" akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba magari yana masikio. "Muuzaji gani anakataa kuuza? Paa hataki kuuza, magurudumu hataki kuuza. Na chuma anataka kifungwe baadaye, uani huko, kisionekane kwenye karatasi za gari. Karavani ikichomoka barabara kuu, nitamshika nani?"

"Neville, amekwambia gereji yao," Lorraine akasema.

"Na hiyo ya punguzo kutohesabiwa? Anataka nione punguzo halina faida nisilidai."

"Ameshakupa punguzo, wewe mtu."

"Ndiyo! Mbona amelitoa haraka hivyo?"

Ukishafika hapo na Neville, hakuna njia ya kurudi. Ukimdanganya umemdanganya, na ukimwambia kweli una lako jambo. Tukaingia tena. Akaagiza chuma kifungwe kiwandani, kiandikwe, kigongwe muhuri. Gaynor alimweleza mara ya pili, polepole. Halafu akainua mabega, akasema, "Haya, gari lako." Neville akaandika kwenye daftari, nikatia sahihi. Sikusoma. Nilikuwa na biskuti ya nne mkononi.

Mwaka ukapita, gari likavuta karavani vizuri. Mwezi wa nne wa 2023 ikaja barua ya kodi. Yeye alitarajia pauni mia na themanini kama watu wengine mtaani. Barua ilisema mia tano na sabini.

Nilimsikia kupitia ukutani. "Nimeibiwa! Binti Pilling kaniibia!"

Siku hiyohiyo aliandika malalamiko ya kurasa tatu kwa kampuni ya duka lile. Alisema muuzaji, binti wa mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa udanganyifu wa mizani, alimficha makusudi habari ya kodi ili amlipie baba yake kisasi. Lorraine alimwambia asubiri, apoe kwanza. Akaipeleka posta kwa miguu yake.

Wiki mbili baadaye, kwa msusi, nikasikia Gaynor amesimamishwa kazi. Angehojiwa Alhamisi, na akipatikana na kosa angefukuzwa. Mumewe anaumwa mgongo, hafanyi kazi mwaka wa tatu sasa. Nilitoka pale nywele zimekatwa upande mmoja vibaya na sikulalamika, maana moyo wangu haukuwepo.

Jumanne Neville akaja jikoni kwangu na karatasi iliyopigwa chapa.

"Kampuni inataka maelezo ya shahidi, jirani. Nimekuandikia, usijisumbue. Sahihi hapo chini."

Nikavaa miwani, nikasoma. Karatasi ilisema mimi, Thelma Lord, nilikuwepo, na kwamba muuzaji hakusema neno lolote kuhusu chuma cha karavani na kodi.

"Neville, mimi sikumbuki hivi."

"Unakumbuka vipi?"

"Nakumbuka alisema kitu. Nakumbuka nyama na karatasi."

"Hicho kilikuwa kijembe! Alikuwa ananitonesha kidonda cha baba yake."

"Lete daftari."

"La nini? Nakumbuka kila kitu. Wala sijahitaji kulifungua."

"Miaka ishirini na miwili unaniburuza madukani nitie sahihi. Leo nataka kusoma nilichotia. Lete daftari, au toka na karatasi yako."

Sikuwahi kumsemesha hivyo. Alisimama akinitazama, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyemshuku yeye. Nilijiuliza: huyu amesahau kweli, au anajua? Mtu aliyeandika kila senti ya zulia, kwa nini hataki kufungua ukurasa mmoja? Alipotoka nilidhani harudi. Alirudi, na Lorraine nyuma yake, mikono ina povu la vyombo.

Neville akafungua, akatafuta, akapata. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya mahakamani.

"'Muuzaji ashauri paa la kioo liachwe. Muuzaji adai chuma kikifungwa kiwandani bei ya orodha itavuka elfu arobaini na kodi ya ziada itatozwa miaka mitano. Adai...'" Sauti ikashuka. "'Adai punguzo halihesabiwi. Ashauri chuma kifungwe baada ya usajili.'"

"Malizia," Lorraine akasema. "Liko neno la mwisho hapo. Umelipigia mistari miwili."

"'Hila,'" akasoma Neville.

Chini ya neno hilo kulikuwa na sahihi yangu, na doa la siagi ya biskuti.

Alibaki anautazama ukurasa ule. Nami, sijui nini kilinipata, nikanyoosha mkono nikaweka kiganja changu juu ya daftari. Akauona mkono. Akaelewa unazuia nini.

"Hata wewe, jirani? Unadhani ningechana?"

"Ndiyo," nikasema. "Hata mimi."

Nilimuumiza, na sikuwa na namna ya kulirudisha neno. Lorraine alijifuta povu kwenye aproni, akasema, "Mkuki kwa nguruwe, Neville," akaenda zake kumalizia vyombo.

Asubuhi ya Jumatano alimpigia simu meneja, akafuta malalamiko. Kisha akagonga mlango wangu. Hakuniomba niwe shahidi. Aliniomba nimsindikize tu, na hilo lilinitisha zaidi. Tukaenda kwa miguu hadi kwa Gaynor, nyumba ya mwisho kwenye safu, karibu na kiwanda cha viatu vya ndani.

Alifungua mlango lakini mnyororo hakuutoa. Alikuwa amekonda. Hakusema karibu.

"Bi Gaynor," Neville akaanza, kofia mkononi. "Ulinieleza. Nimesoma maandishi yangu mwenyewe. Nilikosea, nimekukosea sana, nimekuja kuomba radhi. Nimempigia meneja wako, nimefuta."

"Umefuta kwa mdomo?"

"Kwa simu, ndiyo."

"Na mimi nitajuaje?"

"Nakwambia mimi."

"Wewe ndiwe uliyesema mimi mwizi na mtoto wa mwizi, kurasa tatu. Leo unaniambia kwa mdomo, nikuamini?" Mnyororo ukatikisika. "Subiri hapo."

Akarudi na karatasi na kalamu, akavipitisha penye mwanya. "Andika."

Neville aliandika akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani mwa nyumba ile, mvua nyembamba ikimwangukia kichwani. Nikamshikia kofia. Alipomaliza akairudisha penye mwanya, na Gaynor akaisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mstari mmoja mmoja, bila haraka.

"Hapa umeandika 'huenda nilielezwa'. Nilikueleza, au huenda nilikueleza?"

"Ulinieleza."

"Andika hivyo."

Akakata, akaandika.

"Na hapa. Baba yangu umemtaja wa nini? Baba yangu hakuwepo dukani."

Akakata na hapo. Karatasi ikatolewa kwangu nitie sahihi, na safari hii nilisoma yote, neno kwa neno, kabla sijashika kalamu. Gaynor aliingoja. Akaipokea, akaitazama tena pande zote mbili.

"Tarehe hujaweka, Bwana Haworth."

Neville akapokea karatasi yake. Alifanya kazi ya kukagua watu miaka thelathini na minne. Akanigeukia, akaniuliza leo ni tarehe ngapi.