Majani Ndani ya Tanuri la Baba

Majani yakikaushwa kwenye tanuri la mikate hutoa harufu ambayo sijui niwaelezeje. Huanza kama mvua iliyogusa vumbi, kisha hugeuka tamu, kama chai iliyochemka mno, na hukaa kwenye nywele kutwa nzima. Juzi jirani yangu alikuwa akichoma magugu. Nikasimama uani na ufagio mkononi, na mara nikawa mtoto tena, Buyenzi, Bujumbura, miaka ile ya vita.

Baba yangu, Ramadhani, alikuwa muoka mikate. Watafiti wawili walikuja kumwomba tanuri kwa sababu umeme wa maabara yao ulikuwa ukikatika ovyo. Bwana Melkiori, mtu wa mtaa wa Kamenge, alikuwa mtaalamu wa malisho. Madamu Imakulata alikuwa daktari wa ng'ombe, mwanamke mrefu mwenye miwani na sauti ndogo. Kituo chao huko bonde la Imbo kilishambuliwa, wakawahamishia ng'ombe waliosalia kwenye zizi kando ya mto Ntahangwa, nyuma ya mtaa wetu. Imakulata alipima maziwa na uzito wa ng'ombe. Melkiori alikausha majani waliyolishwa, ajue maji yakishatoka chakula kinabaki kiasi gani. Hesabu za mmoja bila za mwenzake hazikuwa na maana. Na wenzao wa nchi jirani, waliopanda majani yaleyale, walikuwa wakizingojea.

Wateja walinung'unika. Mama Hadija, jirani yetu, alirudisha mkate akiunusa. "Ramazani, huu mukate ni wa watu, ao ni wa ngombe?" Baba akacheka, akamwambia tanuri haliulizi kilichoingia kimetoka wapi.

Watu ndio waliokuwa wakiulizana. Melkiori alikuwa Mhutu, Imakulata Mtutsi, na mji ulikuwa umekatwa vipande, mtaa kwa mtaa. Hawakuweza kutembeleana makwao. Kwetu, mtaa wa Waislamu usiochukua upande, waliweza kuketi chumba kimoja.

Siku moja, karibu na adhuhuri, mikate ilikuwa imetoka na majani yameingia. Nilikuwa nikichekecha unga, Imakulata akiosha chupa zake za maziwa karibu na mlango. Kelele za barabarani zikazimika zote kwa pamoja, hata redio ya fundi baiskeli wa ng'ambo. Nawaambia, ukimya ule ulitisha kuliko risasi; risasi tulishazizoea.

Vijana walikuwa wamesimama mbele ya mlango wetu. Walitoka mtaa wa Imakulata. Mmoja alishika guruneti, bomu la mkono, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai.

"Madamu," alisema kwa adabu iliyonitia baridi, "tunajua ule mutu wa Kamenge iko humu. We toka, uende kwako. Na we hatuna maneno."

Melkiori alikuwa nyuma ya tanuri pamoja nami. Mama akamwondolea sinia la bati mikononi, lisije likagonga.

Nilimwomba Mungu Imakulata aseme hayupo. Yeye akajifuta mikono, akachukua kigoda cha Mama, akakiweka katikati ya mlango, akaketi.

"Iko," akasema. "Anafanya kazi. Na mi nitakaa hapa mupaka amalize."

"Madamu, tutapita."

"Mupite juu yangu. Halafu we mwenyewe uende kumuambia mama yako. Namujua."

Baba akaburuta gunia la unga, akaketi ubavuni mwake. Fundi baiskeli akavuka barabara na spana mkononi, akachuchumaa kando yao. Akaja Mama Hadija, akijifunga kanga vizuri, kisha wanaume waliokuwa wakielekea msikitini. Nilisikia majani yakipasukapasuka tanurini na pumzi ya Melkiori juu ya kichwa changu.

Yule kijana akawatazama wote, kisha akatema mate chini.

"Tutaonana, Madamu."

Wakaondoka.

Tulimrukia Melkiori kwa furaha. Mama alimpa chai yenye sukari mpaka kijiko kikasimama, wanaume wakamkumbatia, Baba akaapa kwamba hatoki nyumbani kwetu mpaka mambo yatulie. Alikaa nasi hadi mvua zilipoanza, na kazi yao ikaisha ikatumwa kwa wale wenzao. Sisi watoto tuligombania kuketi karibu naye wakati wa kula. Miaka na miaka, nikisimulia habari hii, nilisema: siku ile mtaa wetu ulimwokoa Bwana Melkiori.

Na ni kweli. Lakini ile "tutaonana" hakuambiwa yeye. Jioni ile, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, Imakulata aliuliza uzito wa majani, akajifunga kitambaa kichwani, akatuaga, akarudi kwa miguu kulala kwenye mtaa uleule walikotoka vijana. Sikumbuki kama kuna aliyemsindikiza. Sote tulikuwa tumemzunguka Melkiori.

Kesho yake alikuja mapema kama kawaida. Mdomo ulikuwa umevimba, na kioo kimoja cha miwani kimepasuka. Mama alipomuuliza, alisema ameteleza kwenye mawe ya mtoni, kisha akaenda kupima maziwa.

Nilimwamini. Nilikua nikimkumbuka kama mama mmoja mwema, hodari sana wa ng'ombe, asiyejua kutembea kwenye mawe.