Ukuta Aliopaka Shangazi

Watu wakiniuliza kazi yangu, nawaambia napiga picha za harusi za Wahindi, na hapo hapo wananiona mtu niliyeshiba biriani. Ukweli ni kwamba kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Inayonikondesha ni kutafuta mahali. Siku hizi ukumbi haumtoshi mtu. Wakishavishana pete tu, kabla hata kadi za harusi hazijachapishwa, wanataka picha za uchumba, na picha hizo lazima zipigwe mahali ambapo hakuna wachumba wengine waliowahi kusimama. Basi mimi ndiye wa kuizunguka Mombasa kwa miguu na kwa tuktuk, nikipasaka mahali hapo kana kwamba mji huu tumeushukia jana.

Mombasa haina pahali pa siri. Mji wa Kale una mlango mmoja wa nakshi ambao naapa umeegemewa na wachumba wengi kuliko wenyeji waliowahi kuufungua. Hoteli za Bamburi zinataka barua ya ruhusa, na barua ikishajibiwa mchumba amekwisha kuwa mama wa watoto wawili. Machimbo ya zamani yaliyoota miti ni mazuri, lakini ukienda Jumamosi unakuta wengine wametangulia, na wengine nyuma yako wanasubiri zamu. Pwani kuna mwani, kuna wauza shanga, na kuna upepo unaomvua bibi mtandio kila nikiinua kamera.

Kwa miaka yote hii nimejifunza jambo moja kuhusu wateja wangu. Kadiri nyumba ya mtu inavyong'aa kwa marumaru, ndivyo anavyotamani kupigwa picha mbele ya ukuta unaobanduka. Hawataki kuishi hapo, hasha. Wanataka kuegemea kidogo tu, kisha warudi kwenye gari lenye kiyoyozi. Zamani jambo hili lilinichekesha. Nililiona ni wazimu wa matajiri, na wazimu wa matajiri ndio uliokuwa ukiniweka mjini.

Bibi harusi ninayemkumbuka alitoka katika familia ya Waislamu wa Kihindi, watu wa duka, wakazi wa Mombasa tangu babu wa babu. Kiswahili chao ni chetu, na mamake alikizungumza kwa ufasaha wa kututia haya sisi tunaojiita wenyewe. Bwana harusi alizaliwa na kulelewa Uingereza. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabasamu la haraka, aliyekuja mapumziko mafupi kuvishana pete na kukutana na jamaa. Yeye ndiye aliyesema anataka mahali halisi. Alilirudia neno hilo mpaka nikalichukia. Na kwa kuwa hawajafunga nikaha, mama wa bibi angefuatana nao kila mahali, kama ilivyo desturi yao na yetu.

Nilikuwa nimechoka kusaka nilipopita Kisauni kumjulia hali shangazi yangu, dadake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nilifika alasiri. Jua lilikuwa limeupiga ukuta wa mbele wa nyumba yake, nami nikasimama pale njiani kama niliyeitwa.

Ni nyumba ya mawe na chokaa, ya vyumba vinne, na ukuta ule ulikuwa haujaguswa kwa miaka mingi. Rangi ya juu ilikuwa samawati, imebanduka vipande vipande. Chini yake kulionekana kijani, na chini ya kijani, karibu na dirisha, waridi iliyopauka. Kwetu mtu hapaki nyumba kwa kuwa rangi imechakaa. Anapaka kwa kuwa kuna wageni wa heshima wanaokuja. Ile waridi ilipakwa shangazi alipoolewa. Ile kijani ni ya khitma ya mumewe, alipofariki. Samawati ilikuwa na habari yake, na nitaisema. Mimi sikuyafikiri hayo siku ile. Niliona rangi tatu na jua la pembeni, nikatoa simu nikapiga picha, nikamtumia bibi harusi. Alijibu kabla sijabisha hodi. Alisema ndipo hapo hapo, na kwamba atashonesha nguo ya rangi ya haradali ili ioane na samawati ile.

Nilimwambia shangazi kwamba kuna wachumba wa Kihindi wanaotaka kupigwa picha kwake, na kwamba katika Mombasa nzima nimeona nyumba yake ndiyo nzuri kuliko zote. Wallahi nilimaanisha. Alishika ncha ya leso yake.

"Hapa kwangu mimi?" akauliza.

"Hapa hapa, shangazi."

"Na ndani wataingia?"

Nikasema inshallah. Sisi watu wa pwani tumelitwisha neno hilo mizigo mingi isiyokuwa yake, na siku ile nililitwisha wangu, maana nilikuwa na haraka.

Sasa ile samawati. Shangazi ana binti mmoja. Miaka ya nyuma yalikuja maneno ya posa kutoka kwa watu wa Likoni, watu wenye jina, na siku ikapangwa ya wao kuja kuona. Nyumba ikapakwa samawati. Majirani wakaalikwa wawe tayari kwa vigelegele. Wakaja wanawake wa upande wa kijana, wakasimama barazani, wakatazama juu kwenye mabati, wakachungulia ndani wakiwa wamesimama mlangoni. Walikaribishwa, wakasema wana safari ya kuwahi feri. Hawakuvua viatu. Jibu halijaletwa mpaka leo, isipokuwa neno lililorudi mtaani kwamba eti waliuliza ile ni nyumba au ni ghala. Binti alikuja kuolewa baadaye na mtu mwingine, huko Changamwe, kimya kimya, na anaishi vizuri. Lakini shangazi hakupaka tena nyumba, na majirani hawakusahau. Mtaa husamehe deni, lakini habari kama ile hausamehi.

Kwa hivyo yeye alipouliza kama wataingia ndani, hakuwa akiulizia adabu. Alitaka watu wa harusi wavuke kizingiti chake mchana kweupe, majirani wakiona. Nilimjua vya kutosha kulielewa hilo, na hasira yangu leo, nusu yake ni juu yangu mwenyewe na nusu ni juu ya kazi hii inayomfundisha mtu kutazama kuta kuliko waliomo ndani.

Siku ya picha nilitangulia. Nilipokata kona nilisimama nikadhani nimepotea njia. Nyumba ilikuwa nyeupe pe. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umepigwa msasa, ukazibwa nyufa, ukapakwa rangi mpya nyeupe, na chini ukanda wa kijani ulionyooka. Hata baraza ilikuwa imepakwa. Shangazi alitoka na buibui jipya, uso umemng'aa, akaniuliza naionaje. Alikuwa amewaita vijana wa mtaani, wamefanya kazi mpaka usiku kwa sababu, alisema, hawezi kupokea wachumba na ukuta wa aibu.

Nilisema mashallah. Nini kingine ningesema? Kutoka ndani kulinukia udi. Niliona mkeka mpya umetandikwa, sinia za mahamri na viazi vya karai zimefunikwa kawa, jagi la sharubati ya ukwaju, na mrashi umejazwa marashi kwa ajili ya kuwanyunyizia wageni mlangoni. Majirani wanawake walikuwa wameanza kujipanga, wamevaa leso za doti moja, wakijifanya wamepita tu.

Gari likaja. Bibi harusi akashuka na nguo yake ya haradali iliyodariziwa, mzuri kupindukia, akautazama ukuta kisha akanitazama mimi. Bwana harusi akaniuliza kwa Kiingereza kama hii ndiyo ile nyumba. Nikamwambia ndiyo, imepakwa kwa heshima yao. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema ni hasara kubwa. Bibi harusi hakucheka. Alitoa simu, akaitazama ile picha niliyomtumia, akatazama tena ukuta, kama mtu aliyeletewa kitambaa tofauti na alichochagua dukani. Niliwaeleza kwamba ukuta mweupe unarudisha mwanga vizuri usoni, kwamba haradali juu ya nyeupe ni nzuri. Nilisema kweli na nilisema kwa bidii. Hawakuwa wakinisikiliza tena.

"Karibuni ndani," shangazi akasema. "Karibuni mpumzike kwanza."

Mama wa bibi alimjibu kwa Kiswahili chake kile kizuri, chenye kila kitu mahali pake.

"Ahsante dada, tumeshakaribia. Jua lashuka. Tutaingia tukimaliza, inshallah."

Yule bwana hakumlaumu mtu. Nataka niwe mwadilifu kwake. Yeye hakuwa anajua mwaliko ule una uzito gani. Mama mkwe wake alijua. Mtu wa Mombasa, anayesalimu kwa kuuliza habari za nyumbani mpaka za kuku, anajua maana ya kukaribishwa na udi umeshawashwa. Ndiyo maana hasira yangu haiendi Uingereza. Inabaki hapa hapa.

Ng'ambo ya njia kuna gofu. Ni nyumba iliyofiwa na wenyewe, warithi wakagombana, paa likaanguka, na mtaa ukaigeuza jaa. Kuta zake zina ukungu, zina mizizi ya mtini iliyopenya kwenye mawe, na ndani hulala mbuzi. Bwana harusi ndiye aliyeiona. Akaonyesha kwa kidole, furaha imemrudia, akasema pale. Bibi harusi akakusanya nguo yake akavuka njia, na mamake akavuka nyuma yake akiwa ameziba pua kwa mtandio.

Nilipiga. Ningeweza kukataa, na wangepata mwingine kabla ya Magharibi. Niliwasimamisha kwenye ukuta wa jaa, nikaisogeza mifuko ya plastiki kwa mguu, nikamwambia bibi ainue kidevu. Nilikuwa nimeipa mgongo nyumba ya shangazi. Kila nilipogeuka kuchukua lenzi nyingine nilimwona amesimama barazani mwake, kwenye weupe ule, na majirani wametulia tuli, hakuna hata kigelegele kimoja. Mwishowe alikata shauri. Aliingia ndani, akatoka na sinia ya bilauri, akavuka njia mwenyewe akatuletea kule kule takatakani. Bibi harusi alisema ana rangi ya mdomo. Bwana harusi aliogopa tumbo. Mama alipokea bilauri moja, akaishika muda wa adabu, kisha akaiweka juu ya jiwe bila kuionja.

Na zile picha ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ni katika picha bora nilizowahi kupiga. Harusini waliiweka moja kubwa mlangoni mwa ukumbi, na watu wakasimama mbele yake wakiulizana ni Lamu au ni Unguja.

Jua lilipokwisha, waliingia garini. Mama wa bibi alishusha kioo.

"Nyumba yako safi sana dada, mashallah," akamwambia shangazi, na gari likaondoka.

Nilingoja majirani watawanyike. Hawakutawanyika. Shangazi aliwaita ndani wote, akawaambia wageni walikuwa wamefunga sunna na ndiyo maana hawakuonja kitu, na kwamba chakula si cha kutupwa. Walikula. Walimshukuru. Hakuna aliyemwamini, na yeye alijua, na aliendelea kuwamiminia sharubati mpaka jagi likaisha.

Tulipobaki wawili nilianza kumweleza. Nilimwambia kosa si lake, kwamba watu hawa wanapenda kuta za zamani, kwamba zile rangi tatu zilizokuwa zikionekana ndizo walizozitaka. Nilimwambia ni mambo ya picha tu. Alikuwa akikunja mkeka, na aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Basi wale wa posa waliuona ubovu wakaondoka," akasema. "Nawe ukauona ubovu ule ule, ukaniletea watu waje wautazame. Na mimi nikadhani umeona nyumba."

Nilisaidia kuosha vyombo, nikabeba kamera yangu, nikaondoka.

Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Mimi katika nyumba ile nilikuwa napita moja kwa moja mpaka uani, najipakulia sufuriani, nalalia kitanda chake bila kuuliza. Siku hizi nikibisha hodi hunipokea barazani, akanipitisha sebuleni. Hunitandikia kitambaa mezani, akaniletea kikombe chenye kisahani, akakaa mbele yangu na kuniuliza habari za kazi. Nikiinuka niende jikoni ananizuia kwa mkono, kwa upole, ananiambia nikae tu, mgeni hasumbuliwi.